Mahari ya Chupa Moja

Ndugu zangu wa Baraza la Povu, mmenichosha. Sijagusa hata glasi, mmoja ananiuliza habari za mtoto niliyempeleka Zambia, mwingine anataka kujua kama kweli nilimtukana afisa wa mpakani, na wa tatu anaapa kwamba nililia mbele za watu. Nimeamua kuandika yote kwenye daftari hili. Lizunguke mkono kwa mkono, na likinirudia liwe na madoa ya bia, ndipo nitajua limesomwa. Mtoto hakuwepo. Afisa sikumtukana. Kulia nililia, ila si pale mnapofikiri.

Kwa faida ya atakayeliokota bila kutujua: sisi ni watu watano wa Chanji, hapa Sumbawanga, tunaokutana kila Jumamosi alasiri nyuma ya karakana yangu ya redio kunywa bia na kubishana juu yake. Wenzetu hubishana mpira. Sisi tulikaa miaka mingi tukinywa aina moja, tena ya kugawiwa, tena kwa sharti la kuja na chupa tupu, na asiye na tupu alirudi nyumbani na kiu yake. Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Sasa kila lori linaloingia mjini lina kitu kipya: ya kopo kutoka kusini, ya chupa fupi kutoka Kenya, nyingine inapanda boti Burundi na kushukia Kasanga. Mtu mwenye ulimi atanyamazaje? Wapo wanaosema ya kopo ina ladha ya bati, na wana haki. Wapo wanaosema bia isiyopita kwenye friji si bia, na hao wamepotea kabisa. Mwezi wa sita hapa kwetu friji ni la nini? Weka chupa dirishani, kaa kidogo, kisha uone meno yatakavyouma.

Mimi Ozwadi ndiye mwenye rafu. Nina chupa tupu za aina ishirini na sita, hakuna mbili zinazofanana, na kwa ajili ya rafu hiyo nikajiona profesa. Ndiyo maana mwaka jana, Mzee Desderi alipopita na kutusimulia tena ile bia nyeusi aliyokunywa Mbala, kule Zambia, akiwa kijana anarudi kutoka migodini, sikuweza kujizuia. Mnaikumbuka hadithi yake: nyeusi kama kahawa, povu rangi ya asali, na mwishoni, ukishameza, harufu ya ulezi uliokaangwa inakurudia puani. Nikamwambia mbele yenu wote, "Mzee wangu, Mbala hakujawahi kuwa na kiwanda cha bia. Hiyo umeiota."

Mlicheka, msikatae. Mzee alichukua kofia yake akaenda zake. Miezi minane baadaye nikapeleka posa kwa binti yake, Leokadia.

Chanji: ng'ombe wanakataliwa

Mshenga wangu alikuwa Masanja. Wengi mnamjua kwa ng'ombe wake kule bondeni na kwa msimamo wake wa aibu kwamba bia ni bia tu. Nilimchagua kwa sababu Wasukuma wanajua kuposa. Alikwenda peke yake kama inavyotakiwa, akarudi haraka mno.

"Anakutaka wewe mwenyewe," akasema. "Kuna jambo, Ozwadi. Yule mzee anatabasamu."

Tukarudi wawili. Sebuleni alikuwa Mzee Desderi kwenye kiti alichokichonga mwenyewe, na Mama Leokadia akimimina chai. Mama huyo ni kiongozi wa akina mama parokiani. Akipita karibu na baraza letu hufunika pua kwa kitenge mpaka avuke kona. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuinua macho, na kwa kuwa na mimi nilikuwa nimeyainamisha yangu, nililoliona zaidi ni mkono wake wa kushoto wenye kovu refu la moto kutoka kifundoni kwenda juu.

Masanja akaanza upya kutaja ng'ombe, na rangi zao. Mzee akamnyamazisha kwa kiganja.

"Ng'ombe nitamlaza wapi, hapa sebuleni? Mimi nataka chupa moja tu. Imejaa."

Akafungua sanduku, akatoa chupa nzito ya rangi ya kijani iliyoiva, ya kizamani, yenye kizibo cha kaure kinachobanwa kwa waya, na herufi za Kizungu zilizochomoza kwenye kioo. Nikasahau nimekuja kuposa. Ndugu zangu, hiyo chupa! Mkono ulinyooka wenyewe.

"Kijana alisema naota," akasema Mzee. "Basi aende Mbala akaniamshe. Na achukue tupu hii, maana bila tupu hawatamuuzia."

Mama Leokadia alimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani na kuanza kutiririka mezani. Akaifuta kwa ncha ya kitenge.

Nje, Masanja alisimama katikati ya njia. "Mimi nimeposa Shinyanga, nimeposa Tabora, nimeposa kwa watu wakali wenye mikuki ukutani. Sijaona ng'ombe anakataliwa kwa ajili ya chupa."

Leokadia alitufuata mpaka kwenye ua. Ni mwalimu wa darasa la tatu na husema na mtu mzima kwa sauti ileile. Alinipa kanga yake niifungie chupa. "Ukiivunja usirudi," akasema. "Na usipoivunja, rudi upesi." Nilitembea mpaka stendi miguu haigusi ardhi.

Sumbawanga hadi Matai: mtoto

Habari za pasi na mihuri siwachoshi nazo. Tulipata lori la maharage, na abiria ni juu ya magunia. Upepo wa mwezi wa sita mnaujua. Nikaibana chupa kifuani ndani ya kanga, nikaikumbatia kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa kuikinga.

Mama mmoja aliyekuwa kwenye kiti cha mbele akageuka na kuniona. "Jamani, baba wa watu na kichanga kwenye baridi hii!" Akashuka, akanilazimisha nikae pale mbele kwenye joto la injini. Nilitaka kusema kweli. Naapa nilitaka. Lakini Masanja alikuwa ameshajibu kutoka juu: "Asante mama, ana homa kidogo."

Basi nikasafiri mbele nikimbembeleza mtoto wa kioo. Dereva alipunguza mwendo kwenye mashimo kwa heshima yake. Tulipofika nusu ya njia springi ya nyuma ikakatika kwa mlio mkubwa, wote tukashuka, na yule mama akaja moja kwa moja kwangu.

"Hajalia hata kwa kishindo kile. Hebu nimwone, mimi nimelea tisa."

Akafunua kanga. Aliitazama chupa kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Na mama yake yuko wapi?" akauliza.

Abiria wote walicheka mpaka utingo akakaa chini. Nikawaeleza habari nzima, Leokadia na Mzee na bia nyeusi. Mnajua nini kilitokea? Hakuna aliyenirudisha juu ya magunia. Lori lilipofungwafungwa kwa kamba na kuanza kujikokota, yule mama alisema mtu anayetafuta mke kwa njia ngumu hivi akae mbele, na akashikilia hapohapo.

Matai: siku mbili na chungu kimoja

Springi mpya ilisubiriwa siku mbili, ikitokea Sumbawanga, yaani tulikotoka. Dereva alitupeleka kwa shangazi yake, mpishi wa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na hapa naomba tubishane kidogo.

Siku hizi barazani tumeanza kuidharau kimpumu. Tunasema ni ya wazee, haina lebo. Mimi mwenyewe nimesema. Lakini kaeni uani Matai, baridi inakata masikio, mmezunguka chungu cha ulezi uliochachuka, kila mmoja na mrija wake, mwenye nyumba anaongeza maji ya moto kila mnapokishusha. Mrija wa kwanza ni mkali. Wa tatu ni mtamu. Wa tano umekuwa laini, na ni pombe ileile, chungu kilekile! Ni bia gani ya chupa inayobadilika mikononi mwako namna hiyo? Mimi ningeipa alama juu ya zote za kopo, na atakayebisha aende Matai kwanza.

Masanja alivuta kwa nguvu maji yakiwa yametoka tu jikoni, akaunguza ulimi, akabaki na maziwa kwa siku zote mbili. Alisema alikuwa na haki tangu mwanzo: bia ni bia tu.

Yule shangazi aliinusa chupa ya Mzee, akaigeuzageuza. "Kwetu pombe haikai kwenye chupa," akasema. "Kwenye chupa inakaa dawa ya kikohozi." Lakini aliinusa mara ya pili, akaacha kutabasamu. "Humu ulikaa ulezi," akasema. Nikamjibu kwa upole kwamba ni chupa ya bia ya Kizungu, mama. Profesa nilikuwa bado sijashuka jukwaani.

Kasesya: kuvusha hewa

Afisa wa forodha pale mpakani alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia safi sana. Ikumbukeni hiyo kofia. Alifungua kanga, akafungua kizibo, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Haina kitu."

"Haina, afande."

"Watu wote hapa wanavusha vilivyojaa. Wewe unavusha hewa?"

Nikamweleza kwamba naenda kununua bia, na bila tupu sitauziwa. Akasema kule ng'ambo baa zimejaa bia, unanunua unakunywa. Nikasema hii ni aina maalumu. Akauliza inaitwaje. Nikasema sijui. Inatengenezwa wapi? Nikasema kwa kadiri ninavyojua mimi, haijawahi kutengenezwa. Hapo alikaa chini, akavua kofia, akamwuliza Masanja kama mimi ni mzima.

"Anaoa," akasema Masanja.

Afisa akatupisha palepale, akanitakia heri.

Mbala: kiwanda

Mbala inafanana na kwetu kwa baridi na miti, na lugha ya wenyeji, Kimambwe, ukizungumza nao Kifipa polepole mnaelewana bila shida. Tulizunguka baa tatu siku ya kwanza. Nilionja bia zao kwa ajili yenu: moja nyepesi ya dhahabu, safi, isiyo na la kusimulia, nyingine tamu mno kooni, na pombe ya mtama ya kwenye pakiti, unayoitikisa kabla ya kunywa, ambayo Masanja aliisifu kwa sababu inashibisha. Nyeusi hakuna. Kila nilipoweka chupa mezani, mtu alitaka kuinunua. Kila niliposema natafuta iliyojaa, walicheka. Kufikia jioni nilikuwa na hofu ya kweli. Nilikuwa nimesema mbele za watu kwamba bia hiyo haipo, na sasa nilikuwa naomba Mungu niwe mjinga.

Asubuhi mwenye baa ya tatu alitufuata tukinywa chai. Alisema kuna bibi nyuma ya soko, Bibi Tamari, aliyekuwa akijaza chupa za namna hiyo miaka ya zamani.

Tulimkuta akipepeta. Nikamwamkia, nikaiweka chupa kwenye mkeka. Aliitazama, akaacha ungo, akaanza kucheka, cheko la msichana kabisa, akajifuta machozi kwa nguo.

"Imerudi! Nani kaniletea chupa yangu?"

Nikamwambia natafuta kiwanda kilichotengeneza bia ya humu.

"Kiwanda?" Akaniinulia mikono yake miwili. "Hiki hapa nusu yake. Nusu nyingine iliolewa."

Ndipo nikajua, nami nawaambia kama alivyoniambia. Enzi hizo chupa ilikuwa heshima ya Wazungu. Yeye na mwenzake waliokota chupa zilizotupwa, wakaziosha kwa mchanga, wakazijaza kimpumu ya namna yao: kimea cha ulezi wanakikaanga kwanza, pombe ikiiva wanaichuja mara tatu, inatoka nyeusi. Vijana wa migodini waliokuwa wakipita na mishahara yao walitaka kunywa kwenye chupa, nao wakanywa.

"Mimi nilikuwa wa kukaanga, mwenzangu wa kuchanganya. Mkono alikuwa nao yeye. Msichana wa Kifipa, alikuja kukaa kwa wajomba zake. Siku moja chungu kilipinduka kikamuunguza hapa." Akapitisha kidole kwenye mkono wake wa kushoto, kutoka kifundoni kwenda juu. "Akaolewa na kijana mmoja seremala, mrefu, mwenye maneno mengi. Baba yake msichana alikuwa mkali wa dini, akamwapisha hatapika tena pombe ya kuuza. Na Gaudensia naye akamwapisha mumewe: asimwambie mtu kwao kwamba mkewe alikuwa mpika pombe. Wakaondoka na chupa moja."

Masanja alinitazama. Mimi nilikuwa nakiona kile kisahani cha chai kinavyofurika. Mama Leokadia anaitwa Gaudensia! Yule anayefunika pua! Nilicheka mpaka nikalala chali kwenye mkeka wa watu, na Bibi Tamari akacheka nami bila kujua kwa nini. Nilipomweleza, alipiga makofi, akainuka palepale kutafuta sufuria.

Kimea alikuwa nacho tayari. Alikaanga, nikaungana naye kuchochea moto, Masanja akachota maji na kulalamika. Tulikaa siku nne tukisubiri ichachuke. Siku ya nne alichuja, akajaza chupa. Nyeusi kama kahawa. Povu rangi ya asali. Nikameza funda moja kutoka kwenye kibuyu cha iliyobaki, na mwishoni ulezi uliokaangwa ukanirudia puani, na nikamwomba radhi Mzee Desderi kwa sauti, peke yangu, nikiangalia kaskazini, Sumbawanga iliko.

"Kizibo usikibane kabisa," alisema Bibi Tamari tulipomuaga. "Hii iko hai. Iache ipumue."

Sasa ndugu zangu, nani kati yetu angetii? Tangu lini bia ikaachwa wazi? Povu litakwisha! Ladha itaruka! Si tunafundishana haya kila Jumamosi? Tulipopinda kona tu, nikabana ule waya mpaka ukalia.

Kasesya tena: kofia

Afisa alikuwa yuleyule na kofia ileile. Alifurahi kutuona.

"Sasa imejaa!" akasema. Chupa ilikuwa na joto la kifua changu na la kupanda na kushuka baiskeli za kukodi kutoka Mbala, na ndani yake kulikuwa na mlio mdogo wa kufoka. Niliusikia. Nikafungua mdomo nimwonye, lakini alikuwa ameshaweka kidole gumba kwenye waya.

Ilipanda mpaka kwenye bati. Ikashuka kwenye kofia, kwenye nyusi, kwenye kitabu chake cha kuandikia. Mimi nilipiga ukelele, neno moja la Kifipa ambalo siandiki hapa, na nawahakikishia nililielekeza kwenye chupa. Afisa alisimama wima, povu likimshuka shavuni. Akatoa ulimi. Akalamba mdomo wa juu, kisha wa chini.

"Hii ni nini?" akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

Nikamweleza yote, na yeye akasikiliza mpaka mwisho akiikamua kofia yake kwenye kikombe cha chai. Alikunywa kile kikombe. Tulipoondoka alikuwa anaandika jina la Bibi Tamari kwenye ukurasa uliolowa.

Theluthi nzima ilikuwa imekwenda. Kutoka hapo nikamtii Bibi, nikalegeza kizibo, na sasa kila shimo la barabara lilimwaga povu. Masanja alikaa karibu nami akikinga kwa kiganja na kukilamba, kwa sababu, alisema, ni dhambi kupoteza chakula. Kabla ya Matai alikuwa ameacha kutaja dhambi. Baada ya Matai alinigusa bega.

"Ozwadi. Hii siyo bia tu."

Nilimkumbatia. Kwa tendo hilo tukamwaga nyingine. Tulipoingia Sumbawanga vilikuwa vimebaki vidole viwili.

Chanji: vidole viwili

Walikuwa wanatusubiri: Mzee kwenye kiti chake, shangazi wa Leokadia aliyeitwa kuwa shahidi, Leokadia mlangoni, Mama jikoni na mlango wake wazi. Niliweka chupa mezani. Mzee aliinyanyua kwenye mwanga akaona kilichomo.

"Nilisema imejaa."

"Ilijaa, Mzee. Iliondoka Mbala imejaa." Nikapiga magoti. "Na nilikosa mbele za watu. Bia ipo. Hukuota."

Mzee akamimina kwenye glasi. Alinusa, akafumba macho, na uso wake ukawa wa kijana, mimi nimeuona, Masanja ameuona. Akanywa nusu. Akakaa. Tukangoja.

"Siyo yenyewe," akasema.

Hapo ndipo nililia. Andikeni, semeni, imbeni: mtu mzima mwenye karakana yake alilia sebuleni kwa wakwe. Niliona safari nzima imemwagika, na Leokadia pamoja nayo. Nilikuwa na siri mdomoni ambayo ingeweza kuniokoa, ya nani aliyeipika ile ya kwanza, lakini ilikuwa siri ya mwingine, nami sikuitoa. Nililia tu.

"Nyamaza wewe," ikasema sauti ya jikoni.

Mama Leokadia alikuja akijifuta mikono. Aliichukua glasi mbele ya mumewe, akainusa bila kufunika pua, akanywa iliyobaki, akaizungusha mdomoni, akameza.

"Tamari bado anaunguza kimea," akasema. "Miaka ile yote nilimwambia, utoe ulezi jikoni ukiwa wa kahawia. Weusi unakuja wenyewe."

Shangazi aliangusha kikombe. Leokadia alisema, "Mama?"

Mzee Desderi alitazama dari. "Mimi sijasema neno. Miaka thelathini na mitatu sijasema neno."

"Umesema miaka thelathini na mitatu bila kupumzika! Kila baraza la mji huu!"

"Nimesema pombe. Aliyeipika sijamtaja." Kisha akamgeukia, na mzaha ukamtoka usoni. "Gaudensia, nilitaka tu niionje tena kabla sijafa. Sikujua njia nyingine ya kukuomba."

Mama alisogea mezani. Aliishika ile chupa, akapitisha kidole gumba kwenye herufi zake. Mzee mwenyewe akamkumbusha kwa woga kiapo alichoapishwa na baba yake.

"Niliapa sitapika ya kuuza," akasema Mama. "Hii nani anauza? Hii ni mahari, na imepungua, lazima ijae. Leokadia, loweka ulezi. Na huyu mwenye machozi ndiye atakayekaanga, nami nitasimama nyuma yake. Akiunguza, hana mke."

Ndugu zangu, sikuunguza. Nilikuwa na moshi machoni na jasho mgongoni, na mama mkwe akinipiga kwenye kiwiko na mwiko kila nilipochelewa kugeuza, na sijawahi kuwa na furaha kama ile. Ilipoiva aliichuja mara tatu, akajaza chupa, akaacha kizibo kimelegea. Mzee aliinywa yote mwenyewe, polepole, bila kumkaribisha mtu. Alipomaliza aliniita mwanangu.

Nikaona saa imefika. Nikamwomba, kwa adabu zote, ile chupa tupu kwa ajili ya rafu yetu, ikae katikati, juu ya zile ishirini na sita. Mzee aliikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akamchungulia mkewe aliyekuwa jikoni, kisha akaninong'oneza sikioni.

"Sikupi. Bila tupu hanipi nyingine."